Ni nani aliyeugawa muziki?

Muhula uliopita nilimkuta mwanafunzi wangu akisikiliza gitaa la Jimi Hendrix katika simu yake. Wenzake walikuwa wakimcheka. "Huo ni muziki wa Wazungu," walimwambia. Hendrix alikuwa Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Seattle! Sikuwakemea, kwa maana kosa halikuwa lao. Walikuwa wamerithi majina, na majina huja na mipaka yake.

Sisi wanaisimu twajua kwamba mpaka baina ya lahaja mbili aghalabu huchorwa na watu, wala si na sauti. Muziki nao ni vivyo hivyo. Hadi mwaka wa 1949, jarida la biashara la Billboard, huko Marekani, liliziorodhesha santuri za Weusi kwa jina lililotaja mbari yao waziwazi. Mwaka huo jina likawa "rhythm and blues", na mwaka wa 1969 likawa "soul". Majina yalibadilika, ila kilichopimwa kilikuwa kile kile: rangi ya mnunuzi.

Ndiyo sababu nakithamini kipindi cha redio kinachochanganya roki ya zamani, soul na saikedelia, yaani ule muziki wa magitaa yenye mwangwi uliojaribu kuiga njozi. Katikati ya miaka ya 1960, Sly Stone (aliyefariki mwaka wa 2025) alikuwa mtangazaji wa KSOL, stesheni ya soul katika eneo la San Francisco. Yeye alithubutu kuwapiga Beatles katikati ya soul. Baadaye aliunda bendi ya Weusi na Weupe, wanaume kwa wanawake. Tom Donahue, ambaye Stone aliwahi kumtayarishia santuri, alianza kutangaza katika KMPX mwezi wa Aprili 1967. Stesheni hiyo ndogo ya FM ilikuwa ikitegemea vipindi vya lugha za kigeni, jambo ambalo, nakiri, hunifurahisha kupita kiasi. Hapo mtangazaji alichagua nyimbo mwenyewe, bila ile orodha fupi inayorudiwa kutwa. Msikilizaji akaanza kuusikia udugu wa nyimbo alizoambiwa kuwa ni za watu mbalimbali. Mwaka wa 1968 Temptations walitoa "Cloud Nine", soul iliyovaa gitaa la saikedelia, nayo ikaipatia kampuni ya Motown tuzo yake ya kwanza ya Grammy.

Wapo watakaosema kuchanganya ni vurugu. Kuchanganya ovyo ni vurugu, naam. Ila mtangazaji anayejua kwa nini wimbo huu waufuata ule ni mwalimu kamili. Bahati mbaya, walimu wa aina hiyo hawadumu mbele ya fedha. Watangazaji wa KMPX waligoma mwezi wa Machi 1968, wengi wakahamia KSAN. Na mwaka wa 1980 KSAN nayo ikageuzwa kuwa stesheni ya muziki wa kantri.

Wiki iliyofuata niliingia darasani na nyimbo mbili, bila kutaja majina: moja ya Curtis Mayfield, mwimbaji wa soul, na moja ya Hendrix, aliyejifunza mengi kutoka kwa gitaa la Mayfield. Niliwataka waandike walichosikia. Mmoja wa wale waliocheka aliandika kwamba mpiga gitaa ni yule yule.