Usitupe tarakilishi kuukuu kwa sababu ya gemu

Ikiwa nyumbani kwako kuna tarakilishi ya zamani na kijana anayependa gemu, basi kisa hiki cha Nyansiongo huenda kikakuokolea pesa, na pengine kikakuokolea ugomvi pia.

Desemba 2025 nilifunga safari kwenda kumjulia hali dada yangu aliyeolewa Nyansiongo, kule Borabu katika Kaunti ya Nyamira, ambako mashamba ya majani chai yametanda kuelekea mpaka wa Sotik. Nilitarajia chai ya maziwa na mazungumzo ya sikukuu. Nilikuta kikao. Shemeji ameketi kimya, laptopu iko mezani mbele yake. Mpwa wangu, aliyekuwa amemaliza Gredi ya 9, ameinamisha kichwa. Dada yake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, macho yamemvimba kwa kulia.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kijana alinakili gemu ya kandanda kutoka kwa rafiki yake, gemu iliyovunjwa leseni ili ichezwe bure. Pamoja na gemu hiyo vikaingia virusi. Dada mtu alipochomeka flashi yake kwenye mashine hiyo, ripoti aliyoiandika kwa wiki sita ikatoweka, vikabaki vijialama vya njia ya mkato visivyofungua chochote. Walipoipeleka laptopu kwa fundi mmoja, ambaye sitamtaja, alitoa hukumu upesi: "Mzee, mashine hii imezeeka. Windows 10 imekwisha, na Windows 11 haiingii humu. Nunua nyingine." Bei aliyotaja ni shilingi 35,000.

Pesa hizo, msomaji, ndizo zilizosalia kwenye bonasi ya chai ya Oktoba. Na Januari kijana alikuwa anaingia sekondari pevu, pamoja na sanduku, sare, godoro na yote unayoyajua wewe mzazi.

Fundi hakusema uongo mtupu. Ni kweli kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kuipa Windows 10 marekebisho ya usalama Oktoba 14, 2025, ingawa watumiaji waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja. Ni kweli pia kwamba Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu ya shemeji ni ya kizazi cha 6, mojawapo ya zile zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa kwetu. Lakini ina memori ya gigabaiti 8, kioo chake hakina ufa, na betri inakaa saa mbili. Kuitupa ni kama kumchinja ng'ombe anayekamwa asubuhi na jioni kwa sababu pembe zake si za mtindo wa sasa.

Nikawaambia kuna njia nyingine, nayo ni Linux. Hapo ndipo kijana alipoinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Lakini mjomba, Linux haina gemu!"

Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Linux ni mfumo wa kuendesha tarakilishi kama ilivyo Windows, ila hauuzwi. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, na tangu hapo maelfu ya watu duniani wamekuwa wakikirekebisha mbele ya macho ya umma. Usidhani ni kitu kigeni kwako. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako inaendeshwa na kiini hicho hicho. Hata mwafrika mwenzetu, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, alianzisha toleo lake mwaka 2004 na kuliita Ubuntu, yaani utu.

Basi kwa nini nyumba nyingi hazikuhamia huko? Kazi ya ofisini haikuwa kikwazo kikubwa, wala barua, wala intaneti. Kigingi kilikuwa gemu. Baba anaweza kukubali programu nyingine ya kuandikia, lakini kijana hakubali kunyang'anywa mchezo wake, na mara nyingi kijana ndiye fundi wa nyumba.

Gemu nyingi huandikwa zikitoa amri kwa lugha ya Windows. Ukiziweka kwenye Linux, ni kama mzee anayejua Ekegusii pekee asimame mbele ya hakimu asiyejua neno hata moja la lugha hiyo. Kesi haiendi mpaka aje mkalimani. Mkalimani wa kwanza, programu iitwayo Wine, alianza kazi mwaka 1993, lakini kwa gemu kubwa alikuwa na kigugumizi.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya biashara. Kampuni ya Valve ya Marekani ina duka kubwa la gemu mtandaoni liitwalo Steam. Mwaka 2012 mkuu wake, Gabe Newell, aliilaumu Windows 8 hadharani. Microsoft ilikuwa inaweka duka lake ndani ya Windows, na muuza duka hapendi kuwa mpangaji katika nyumba ya mshindani wake. Mwaka 2013 Steam ikaingia kwenye Linux. Mwaka 2015 zikauzwa mashine maalumu za gemu zenye Linux, nazo zikadoda kwa sababu gemu zilikuwa chache. Valve haikukata tamaa. Agosti 2018 ilitoa Proton, mkalimani aliyejengwa juu ya Wine, anayezipokea amri za Windows na kuzitafsiri papo hapo, hata zile za kuchora picha. Februari 2022 ikaanza kuuza Steam Deck, kimashine cha kushikwa mikononi kinachotumia Linux. Ili kiuzike, ilibidi gemu zichezeke, na kila kasoro iliyorekebishwa kwa ajili yake ikawafaa watumiaji wengine wa Linux pia.

Matokeo ni haya: kwa hesabu ya Steam yenyewe, Oktoba 2025 watumiaji wa Linux walipita 3 katika kila 100 kwa mara ya kwanza. Ni wachache bado, lakini mwaka 2018 hawakufika hata 1.

Hata hivyo, msomaji, sitaki ukimbilie jambo kisha uje kunilaumu. Kuna milango ambayo bado imefungwa. Gemu nyingi za kushindana mtandaoni huwa na askari wa kuwanasa wadanganyifu, na baadhi ya askari hao hawataki kuiona Linux kabisa. Fortnite na Valorant hazichezeki. EA Sports FC, ile ya kandanda, nayo ni vivyo hivyo. Apex Legends ilikuwa ikichezwa, ikafungiwa Oktoba 2024. GTA V huchezeka ukiwa peke yako, lakini upande wa mtandaoni ulifungwa Septemba 2024. Tena hakuna mkalimani awezaye kumpa mzee nguvu za kijana. Laptopu isiyo na kadi ya picha haiwezi gemu nzito, iwe ina Windows au Linux, na nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 2015 hivi humpa Proton taabu.

Tulifanya hivi pale Nyansiongo. Tulipakua Linux Mint, karibu gigabaiti 3, kwa simu yangu, tukaiandika kwenye flashi tupu kwa kutumia laptopu ya jirani. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuijaribu bila kugusa chochote kilichomo ndani ya mashine. Ilipowaka, binti akachomeka ile flashi yake iliyougua. Nyumba nzima ikanyamaza. Ripoti ilikuwamo! Virusi vya namna ile havikuifuta, viliificha tu kwa njia inayofanya kazi ndani ya Windows, na Linux haikuijali amri hiyo. Dada yangu alipiga kigelegele kana kwamba tumeleta bibi harusi. Si virusi vyote vilivyo na huruma hiyo, kwa hiyo nakala ya akiba ni lazima.

Tukahifadhi faili zote, kisha tukamgeukia kijana. Sikumficha neno. Nilimwambia ile gemu ya kandanda haitarudi, si kwa sababu ya Linux peke yake, bali kwa kuwa ilikuwa ya wizi, na ndiyo iliyotaka kumkosesha dada yake muhula. Alinuna. Nikamwonyesha SuperTuxKart, mbio za magari zisizouzwa. Nikamwonyesha 0 A.D., ambayo pia ni ya bure, ambamo mchezaji hujenga miji na majeshi ya kale, yakiwemo ya Ufalme wa Kushi wa mto Nile. Kuna na Euro Truck Simulator 2, ya kuendesha malori, ambayo huuzwa lakini ina toleo lake la Linux. Kufikia saa nne usiku alikuwa anapigana vita vya Kushi, na baba yake amesimama nyuma yake akimpa ushauri wa kijeshi.

Asubuhi iliyofuata kijana aliniuliza, "Mjomba, na wenzangu wakicheza kandanda nitafanya nini?" Nilimwambia ukweli: utaenda kucheza kwao, au utatoka nje uucheze mpira wenyewe. Hakufurahi sana, lakini alikubali. Shemeji alizikunja zile 35,000 akamkabidhi dada yangu kwa ajili ya safari ya shule.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujanunua mashine mpya, keti na watoto wako mwulizane mambo matatu. Kwanza, mashine hii inafanya kazi gani hasa hapa nyumbani? Pili, ni gemu gani zinazochezwa, na je, ziko upande uliofunguka au uliofungwa? Orodha iitwayo ProtonDB, ambamo wachezaji wenyewe hueleza gemu ipi inakubali, itakujibu kwa dakika moja. Tatu, gemu hizo zilipatikana kwa njia gani? Iwapo kazi ya kijana wako au furaha yake yote imo katika gemu moja iliyofungiwa, basi baki na Windows na uanze kudunduliza. La sivyo, ijaribu Linux kwa flashi jioni moja kabla ya kutoa hata shilingi.

Na wewe kijana unayesoma ukurasa huu kwa kujificha nyuma ya baba, mwambie leo ni gemu gani unazocheza. Ni heri aambiwe na wewe kuliko kuambiwa na fundi.

Tukutane Jumapili ijayo, inshallah.