Mwalimu, Unasoma Kitabu Gani?

Juma lililopita, tukinywa chai ya saa nne, niliwauliza walimu wenzangu wanasoma vitabu gani. Kimya kikatanda. Hatimaye mmoja akataja mwongozo wa tamthilia inayotahiniwa. Mwongozo, wala si tamthilia yenyewe! Nilicheka, kisha nikaona haya, kwani nami kwa miaka kadhaa nilisoma kwa ajili ya mtihani tu.

Basi na nitaje changu. Ninachokienzi ni Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996. Niliisoma kwa koroboi hadi mafuta yakaisha, nikimwandama Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimsaka babaye. Hapakuwa na mtahini yeyote usiku ule. Labda ndiyo sababu ningali naikumbuka.

Sasa ninasoma Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, naye Ida Hadjivayanis akaifasiri mwaka 2022. Kijana Yusuf anaondoka kwao akidhani anakwenda matembezi kwa jamaa, kumbe amewekwa rehani kwa deni la babaye. Kwa Kiingereza nilimhurumia. Kwa Kiswahili nimemlilia, maana nawasikia wafanyabiashara wale wakisema kwa lugha yao hasa.

Jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alikiona kitabu hicho kwapani mwangu, akaniomba nimwazime. Nimemwambia angoje hadi Ijumaa. Zimenibakia kurasa 40.