Mnafu wako ni upi? Tazama matunda

Tangu masika yakolee, mnafu umejaa kila mahali: kando ya mifereji, chini ya migomba kihambani, hata nyuma ya vyumba vya kupanga mjini Moshi. Na maswali yamejaa vilevile. Mama mmoja wa Himo amesoma mtandaoni kwamba mnafu ni sumu, sasa anaogopa kumpa mwanawe wa miaka 2. Mwingine, wa Kibosho, anasema mnafu wake umezaa matunda ya rangi ya chungwa wakati wa mama mkwe wake huzaa meusi. Upi ndio wenyewe?

Nianze na huyu wa pili. Yote ni minafu. Jina hilo tunaipa mimea kadhaa ya ukoo mmoja, ndugu wa nyanya, nyanya chungu na viazi mviringo. Ua halikusaidii sana, kwani karibu yote ina kinyota cheupe chenye manjano katikati. Subiri matunda. Mnafu wa majani mapana, Solanum scabrum, huzaa matunda makubwa ya zambarau iliyokolea hadi nyeusi, na yakiiva hayadondoki upesi. Wenye matunda ya chungwa ni Solanum villosum, nao una nususpishi mbili zinazowachanganya hata wataalamu: villosum ina vinyweleo vingi vinavyonata, na miniatum ina vichache, shina lake lina kingo zenye vijino unavyovihisi ukilizungusha vidoleni. Kwa mboga ya jioni tofauti hiyo si kitu. Kwa anayetunza mbegu ni muhimu, asije akachanganya. Upo pia Solanum americanum, wenye vitunda vidogo vyeusi vinavyong'aa, vikonyo vyake vikichomoza mahali pamoja kama mbavu za mwavuli.

Sasa sumu. Waingereza hutumia jina linalofanana kwa mnafu na kwa mmea mwingine wa Ulaya, Atropa belladonna, ambao kweli huua. Huo una ua la zambarau lililoinama kama kengele, na tunda moja moja, si kishada. Hofu nyingi ya mtandaoni imetokea hapo.

Lakini mnafu nao si malaika. Matunda yake mabichi, ya kijani, yana solanini, na hayo mtoto asiyaguse, uwe mnafu wa aina yoyote. Majani machanga yaliyopikwa hayana shida. Moto pekee hauimalizi solanini. Sehemu yake hutoka na maji, ndiyo maana bibi zetu walichemsha na kumwaga maji ya kwanza. Ukionja ukakuta uchungu usio wa kawaida, mwaga sufuria nzima. Mtoto wa miaka 2 akatiwe mboga vipande vidogo, na yawepo mafuta kidogo au karanga, mwili upate kufyonza vitamini A.

Ninachokihofia zaidi mimi ni mranaha, unaoota katika vihamba hivihivi. Ungali mchanga, mwenye haraka huuchuma pamoja na mboga. Jani lake likifikichwa linanuka vibaya, ua lake ni tarumbeta ndefu, tunda lake lina miiba. Kuchemsha hakuuondolei sumu.

Mtoto akila matunda mabichi au jani usilolijua kisha akatapika, akaumwa tumbo au akaanza kuweweseka, usimlazimishe kutapika zaidi wala usimpe maziwa ukisubiri. Mpeleke kituo cha afya, na ubebe tawi la mmea wenyewe, lenye ua na tunda kama lipo.