Nilipigwa Digbeth, na pesa hazikuwa zangu

Kwenye kipindi kilichopita niligusia habari ya laptop ya shangazi, halafu nikabadilisha mada haraka haraka. Wengi mmeuliza. Haya, leo naisema yote.

Shangazi yangu alikuja Birmingham 2022 kwa viza ya wahudumu wa afya. Anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mwaka jana aliniambia, "Mwanangu, nitafutie kompyuta ya bei ndogo, nisomee kozi yangu." Akanipa paundi 120 mkononi. Mimi ndiye mwenye digrii, si ndiyo? Nikaona tangazo mtandaoni: laptop nyembamba, inang'aa, paundi 120 kamili. Muuzaji akataka tukutane kituo cha mabasi pale Digbeth, eti anaelekea Manchester. Nikaiwasha, ikawaka. Nikatoa pesa. Jamaa akapanda basi lake, kwaheri.

Nikatembea hadi chumba chetu cha kurekodia, karibu na Custard Factory, nikaanza kufuta kila kitu ili shangazi aipate ikiwa safi. Nilipoiunganisha na waifai, ikaleta jina la kampuni na kudai barua pepe ya kazi. Kumbe mashine ni mali ya kampuni, na bado imesajiliwa kwao. Hata ukiifuta mara kumi, usajili uko kwao mtandaoni, utakusubiri palepale. Nikawaandikia, wakaichukua. Paundi 120 zikaenda hivyo, yaani zamu nzima ya usiku na zaidi.

Maoni yangu ni haya: kununua laptop rahisi si kosa. Kosa letu ni kuangalia bei na sura tu, kisha kuisahau siku tunayomkabidhi mwenyewe. Kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutoa hata senti.

La kwanza: ni ya nani? Ukinunua kwa mtu binafsi, mwambie aifute mbele yako, kisha iunganishe na intaneti ya simu yako. Ikifika mwisho bila kudai akaunti ya kazi, ya shule au ya mtu mwingine, hapo mnaweza kuongea. Akisema ana haraka, mwache aende na mzigo wake. Bora zaidi, nunua mtumba dukani, kwa risiti. Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inakupa siku 30 za kurudisha kitu kibovu ulichonunua kwa mfanyabiashara, hata kikiwa kimetumika. Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya paundi 100, hadi 30,000, kampuni ya kadi nayo inawajibika. Pesa taslimu kituoni hazina mtetezi.

La pili: italindwa hadi lini? Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana laptop nyingi za zamani zinauzwa bei ya kutupa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 au baadaye. Chromebook nayo ina tarehe yake ya mwisho, na hesabu huanza modeli ilipotoka, si siku uliyoinunua wewe. Kwa hiyo "mpya" dukani inaweza kuwa tayari imekula miaka yake.

Najua wengine mtasema, si bora mpya kabisa ya bei ya chini, yenye memori ya GB 4? Mi naona hapana. Itakukwama baada ya mwaka. Afadhali mashine ya ofisi iliyotumika, yenye GB 8 na diski ya SSD. Hiyo ndiyo niliyomnunulia shangazi baadaye, kwa pesa yangu, paundi 160 na risiti.

Lakini kazi haiishii hapo. Kadi nyingi za ukaazi zilikwisha tarehe 31 Desemba 2024, sasa hali yako ya viza iko mtandaoni. Ili shangazi aingie, msimbo unatumwa kwenye simu au barua pepe yake. Hiyo barua pepe ni mlango wa nyumba! Tukakaa saa moja, chai mezani. Tukaweka uthibitisho wa hatua mbili. Tukaacha masasisho yajifanye yenyewe. Kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows inamtosha, hakuna haja ya kununua nyingine. Nywila tukafuata ushauri wa NCSC, kituo cha taifa cha usalama wa mtandao: maneno matatu yasiyohusiana. Yeye akachagua ya Kitanga, akacheka mwenyewe. Na akipigiwa na mtu anayejiita benki, anakata, halafu anapiga 159.

Sisi tuliozaliwa hapa tulikuwa tunawasomea wazazi barua za halmashauri tukiwa na miaka minane. Hii ni kazi ileile, isipokuwa sasa barua ina nywila.

Sasa ile sehemu niliyoiruka kwenye kipindi. Wiki nzima sikumwambia shangazi kwamba nimepigwa. Nilisema laptop "inakuja". Nilipokiri, alinyamaza kidogo, akasema, "Na wewe una digrii." Kisha akanieleza kwamba kabla ya kuja huku alimlipa wakala pesa za fomu ambazo hazikutakiwa kulipiwa. Hajamwambia mtu yeyote, hata baba yangu, kaka yake. Miaka yote hiyo, kwa aibu. Na huyo wakala, nani ajuaye amewapiga wangapi waliomfuata.

Tapeli haogopi kompyuta yenye nywila ndefu kama anavyoogopa familia inayoambiana. Kwa hiyo wikiendi hii, kabla hujamnunulia mtu chochote, mpigie mama, baba, shangazi. Msalimie vizuri, shikamoo na yote. Halafu anza wewe: mwambie siku ulipopigwa.