Picha Isiyo na Jina Haihifadhi Utamaduni

Imetuganda vichwani imani kwamba utamaduni ukishapigwa picha umeokolewa. Mimi siiafiki.

Edward Curtis wa Marekani alichapisha majuzuu 20 ya picha na maelezo kuhusu wenyeji asilia wa nchi hiyo kati ya 1907 na 1930. Katika picha moja ya mwaka 1910, mzee wa Kipiegan na mwanawe wameketi hemani, na baina yao palikuwa na saa. Curtis aliifuta saa hiyo. Alitaka watu wasioguswa na wakati, ilhali waliishi karne moja naye.

Saa hiyo ingali inafutwa hapa kwetu. Postikadi za watalii humwonyesha morani akiruka, bila jina, ukoo wala boma, kana kwamba hajapata kushika kalamu. Ni watu wachache barani Afrika waliopigwa picha kuwashinda Wamaasai. Hata hivyo, mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha sherehe zao tatu za rika, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Utandawazi basi hauui kila kitu. Huibakiza sura na kuyaacha maarifa yafe.

Je, tuzivunje kamera? La hasha! Mwaka 1985 mtafiti mmoja alimpiga picha mzee wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimikia nduguze marehemu. Punde vikaibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa katika hifadhi ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Cha pili nacho kikapatikana nchini humo, na mwaka 2007 vyote vikarejeshwa kwa jamaa ya mzee. Picha ile ilikuwa shahidi kwa kuwa mpigaji alijua vigango ni vya nani, vilisimama wapi na viliwekwa kwa ajili ya nani.

Walimu na wanafunzi, leo simu nyingi zina kamera. Kabla ya kumpiga nyanya picha akisuka kikapu, mwombe ruhusa. Andika jina lake, mahali na tarehe, na kila hatua ya ususi kwa maneno ya lugha yake mwenyewe. Kisha mpelekee nakala, nawe uombe kufundishwa. Kikapu kilicho ukutani hakibebi mahindi. Kinachosukwa ndicho kibebacho.