To imeshuka, unga haujashuka

Kila mwezi hesabu ya mfumuko wa bei inatangazwa, na kila mwezi inazaa ugomvi uleule. Mtangazaji anasema imeshuka. Mama anayetoka soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, na meka mbili za unga ndani ya kikapu, anauliza: imeshuka wapi? Huyu anamwona mwenzake mwongo, yule anamwona mwenzake mjinga. Mimi nasema wote wawili wanasema kweli. Kinachowagombanisha ni maneno, na maneno ndiyo kazi yetu sisi watu wa kitivo hiki. Tukiwaachia wanauchumi peke yao jambo hili, tutakuwa tumelikimbia shamba letu wenyewe.

Tuanze na neno dogo "to", ambalo Kifaransa huliandika taux. Katika Kifaransa neno hilo halitembei peke yake: kuna taux ya kubadilisha pesa, taux ya mkopo wa benki, taux ya mfumuko wa bei. Katika Kiswahili chetu cha mjini limebaki na kazi moja tu. Ukiuliza "to ni ngapi leo?", hakuna atakayekutajia riba ya Benki Kuu. Atakuambia dola moja inachenjwa kwa faranga ngapi. Sasa msoma habari anachukua karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa, anaigeuza mbiombio akiwa hewani, na taux ya mfumuko wa bei inatoka mdomoni mwake kama "to imeshuka". Msikilizaji anaelewa kwamba dola imeshuka. Anakwenda kwa wabadilisha pesa, anakuta dola palepale ilipolala jana. Kuanzia siku hiyo haamini tena redio.

Kukimbilia neno "kiwango" hakutuokoi. Tunasema "kiwango cha bei" tukitaka kusema bei zimefika wapi, na tunasema "kiwango cha mfumuko wa bei" tukitaka kusema bei zinakwenda mbio kiasi gani. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili tofauti, na hapo ndipo fikra zinapojikwaa. Bei ina kimo na ina kasi. Mtoto aliyepunguza kasi ya kukua hajawa mfupi. Hata bei iliyopunguza kasi ya kupanda haijarudi chini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka 2023 nchi yetu iliumaliza ikiwa na mfumuko wa bei wa karibu asilimia 24. Mwaka 2024 uliisha kwa karibu asilimia 12. Katika lugha ya ofisi, huo ni ushindi: kasi imekatwa nusu. Tuchukue basi bidhaa moja iliyouzwa faranga 10,000 mwanzoni mwa 2023, na tuseme imefuata mwendo huo bila kuupita wala kuupungukia. Mwishoni mwa 2023 inauzwa 12,400. Mwishoni mwa 2024 inauzwa 13,888. Mfumuko wa bei umeshuka, na mnunuzi anatoa faranga 1,488 zaidi ya mwaka uliotangulia. Mtangazaji hakudanganya. Mama naye hakukosea kuhesabu noti zake.

Kuna mtego mwingine ndani ya neno "mwezi". Tukisikia kwamba bei zimepanda kwa asilimia 2 katika mwezi mmoja, tunaona ni kitu kidogo. Lakini asilimia 2 ya mwezi huu inakaa juu ya asilimia 2 ya mwezi uliopita, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo inafika karibu asilimia 27 kwa mwaka. Tena hesabu ya mwaka hutazama dirisha la miezi kumi na miwili tu. Mwezi ambao bei ziliruka sana ukitoka nje ya dirisha hilo, hesabu ya mwaka inashuka, hata kama mwezi huu hakuna muuzaji aliyepunguza faranga moja. Msomaji asiyejua anasoma ni mwaka au ni mwezi anaweza kushangilia au kulia bila sababu.

Basi ni nini kinachosukuma bei? Hapa watu wa sokoni wanastahili heshima kuliko wanayopewa. Wanasema "dola imepanda", na kwa sehemu kubwa wana haki. Zaidi ya robo tatu ya pesa zilizowekwa katika benki zetu ni dola. Nyumba nyingi mjini hupangishwa kwa dola. Karo za vyuo hutajwa kwa dola, hata pale mzazi anapolipa kwa faranga. Unga, mafuta ya kupikia, samaki wa barafu, dawa na saruji, vingi vinavuka mpaka. Mwenye duka anayepaswa kurudi Kasumbalesa kununua mzigo mwingine hapigi bei kwa kukumbuka alichotoa jana. Anapiga bei kwa kuhofia atakachotoa kesho. Kwa hiyo faranga ikidhoofika, rafu zinaandikwa upya haraka.

Lakini "dola imepanda" haisemi yote. Mahindi yana majira yake. Mavuno ya Haut-Katanga yanaanza kuingia karibu Aprili na Mei, na miezi ya mvua kabla ya hapo ndiyo miezi ya bei kali, to iwe imetulia au haijatulia. Mvua ikikosekana kwa jirani, sisi nasi tunalala njaa: Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na Lubumbashi, mji unaokula bukari ya mahindi yaliyolimwa ng'ambo ya mpaka, haikuweza kubaki salama. Bei ya mafuta ya gari hupangwa na serikali kwa kanda, na ikiongezwa leo, kesho inaonekana katika gunia la makala, kwa sababu makala hayatembei kwa miguu. Vita nayo hufunga barabara na benki: mwaka 2025 wenzetu wa Goma na Bukavu walijifunza kwamba bei inaweza kupanda kwa sababu noti zenyewe hazipatikani. Na juu ya yote kuna serikali inayochapisha pesa ili izibe matumizi yake. Wazee wetu hawahitaji somo katika jambo hilo. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ikaja kuchukua nafasi ya zaire mpya 100,000.

Sababu ni nyingi, na kila mwezi moja huzidi nyingine nguvu. Ndiyo maana hesabu moja bila maelezo haitusaidii. Mwezi ambao bei zinasukumwa na mvua, riba ya Benki Kuu haiwezi kufanya mengi. Mwezi ambao zinasukumwa na dola, inaweza. Agosti 2023 Benki Kuu ya Kongo ilipandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25. Mwananchi anayeongea Kiswahili alipaswa kuelezwa kwa lugha yake dawa hiyo ilikuwa ya ugonjwa gani.

Kisha ukaja mwisho wa mwaka 2025, na hapo lugha yetu ikapimwa kweli. Dola iliyokuwa imezoea kukaa juu ya faranga 2,800 ilianguka chini ya 2,500 katika muda wa wiki chache, Benki Kuu ikiwa imeuza dola sokoni. Safari hii "to imeshuka" ilikuwa kweli kwa maana yetu ya mjini. Watu wakangoja unga ushuke. Vitu vichache vilishuka, vingi vilisita. Bei hupanda kwa pikipiki, hushuka kwa miguu. Mwenye duka anasema mzigo huu niliununua kwa to ya zamani. Anasema pia: nikishusha leo na dola ikapanda wiki ijayo, nani atanirudishia? Maneno yake yana ukweli, lakini angalia jambo moja. Dola ilipopanda, hakutaja mzigo wa zamani. Mnunuzi anayejua kutofautisha kimo, kasi na to anaweza kumkumbusha hivyo kwa adabu. Asiyejua hulipa na kunyamaza. Na yule aliyekuwa akilipwa kwa dola aliumia zaidi: dola yake ilimpa faranga chache, na bei za faranga zilikuwa zimesimama palepale.

Najua wapo walimu wetu watakaosema kwamba kutafsiri karatasi ya takwimu hakushushi bei ya unga. Ni kweli. Lakini karatasi hiyo inatumika mahali ambapo hatma zetu zinakatwa: mshahara unapojadiliwa, kodi ya nyumba inapoongezwa, karo inapopangwa. Anayeisoma kwa Kifaransa anakaa mezani. Asiyeisoma anangoja mlangoni aambiwe. Wengine watasema watu wanajua bei bila kusoma. Wanajua kimo, ndiyo, tena wanajua mambo ambayo karatasi inahangaika kuyashika. Mara nyingi sokoni bei haibadiliki, fungu ndilo hubadilika. Mboga ni faranga 500 kama mwezi jana, ila majani yamepungua. Meka ni ileile, ila kitako chake kimebonyezwa kwa ndani. Ujuzi huo na ujuzi wa Taasisi ya Taifa ya Takwimu havijakutana kwa sababu havina lugha ya kukutania.

Hatuanzi kutoka sifuri. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania hutoa kila mwezi taarifa ya bei kwa Kiswahili, nayo hulitumia neno "kasi" kueleza kwamba mfumuko umepungua. Neno hilo tunalo hapa pia. Hata madereva wa basi wanalijua. Neno "mfumuko" lenyewe lina kasoro, kwa sababu kufumuka ni jambo la ghafla, kama mshono unaoachia, na bei za miezi mingi hupanda polepole. Lakini limekwisha kuzoeleka katika Kiswahili kilichoandikwa, na sioni faida ya kulitupa. Tuliongezee tu majirani wanaoeleweka: kimo cha bei, kasi ya bei ya mwezi, kasi ya bei ya mwaka, to ya dola, riba ya Benki Kuu. Ni maneno matano, na kila moja libebe mzigo wake tu.

Katiba ya mwaka 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kichiluba kuwa lugha za taifa, na inaiagiza Serikali iziendeleze. Lugha haiendelezwi kwa sherehe. Inaendelezwa ikipewa kazi ngumu. Ninapendekeza idara yetu ichukue kazi hii moja: kila mwezi, ukurasa mmoja unaoeleza hesabu ya bei kwa lugha hizo nne, ukiandikwa na wanafunzi, ukisahihishwa na mwalimu mmoja wa lugha na mmoja wa uchumi, kisha upelekwe kwenye redio za mji kabla msoma habari hajaigeuza karatasi peke yake. Gharama yake ni karatasi na saa chache. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wamepata mada. Na mama wa soko la Kenya atakapouliza tena "imeshuka wapi?", atakuwepo mtu wa kumjibu kwa Kiswahili: kilichoshuka ni kasi, mama, kimo bado.