Mwenye Nyumba na Mpangaji katika Kompyuta

Katika nyumba nyingi za mijini siku hizi kompyuta ni moja na watumiaji ni wengi. Baba huandikia barua za kazini, mama huwekea hesabu za duka, nao watoto huifanyia masomo, na masomo yakiisha huigeuza uwanja wa michezo. Aghalabu wote huingia kwa jina moja, pengine pasipo hata neno la siri. Hapo ndipo ilipo hatari.

Kompyuta hugawa madaraka ya namna mbili. Yupo mtumiaji wa kawaida, ambaye ni mfano wa mpangaji: aweza kupanga vitanda vyake na kupokea wageni, lakini hana ruhusa ya kuvunja ukuta wala kubadili kitasa cha mlango mkubwa. Yupo pia msimamizi, ndiye mwenye nyumba. Huyu aweza kuweka programu mpya, kuzima ulinzi, hata kufuta akaunti za wenzake. Na programu yoyote hufanya kazi kwa madaraka ya yule aliyeifungua.

Kompyuta za nyumbani zilichelewa kulizingatia jambo hili. Windows XP ya mwaka 2001 iliujua mgawanyo huo, lakini akaunti iliyofunguliwa wakati wa kuiweka ilikuwa ya msimamizi, na watu wakabaki humo humo. Mtu akifungua faili ovu, lilirithi funguo zote bila kuulizwa neno. Ndipo Windows Vista, iliyofika kwa wanunuzi wa kawaida Januari 2007, ikaleta utaratibu wa kuuliza kwanza. Nayo iliuliza mno! Watu walilalamika, wengine wakauzima kabisa, hata Windows 7 ya mwaka 2009 ikapunguza maswali.

Tangu hapo hata msimamizi hufanya kazi kama mpangaji mpaka swali litokee naye akubali. Kioo kikififia na swali likabaki peke yake, msidhani mashine imeharibika. Swali limetengwa makusudi ili programu nyingine isipate kulibonyeza kwa niaba yenu. Someni jina la programu na la mtengenezaji. Mkiona imeandikwa kwamba mtengenezaji hajulikani, maana yake ni kuwa programu haina sahihi inayothibitika. Hilo peke yake si ushahidi wa uovu, bali ni sababu ya kusita. Kisha jiulizeni: ni mimi niliyelianzisha jambo hili? Anayeweka programu ya mashine ya kuchapia atarajie kuulizwa. Lakini wimbo au picha haina haja ya kubadili mitambo ya ndani ya kompyuta. Ikiomba ruhusa hiyo, jibu ni hapana.

Niseme bila kificho juu ya programu za wizi zinazopitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi. Nyingi huja na maelekezo ya kuzima kwanza kinga ya virusi, kisha kubonyeza "Ndiyo". Mgeni akikutaka umfunge mbwa kabla hajabisha hodi, utamwamini?

Dawa yenyewe haina gharama. Katika sehemu ya mipangilio, upande wa akaunti, kila mmoja afunguliwe akaunti yake ya kawaida, wazazi wakiwamo. Akaunti ya msimamizi ibaki moja, yenye neno la siri, na itumike kwa kazi yake tu. Mtoto akitaka kuweka mchezo mpya, mara nyingi mashine itadai neno hilo, na mzazi hana budi kuja kusoma kilichoandikwa. Kumtajia mtoto neno hilo kwa simu kutoka kazini ni sawa na kumpa funguo za nyumba. Tena kompyuta ikitoka kwa fundi aliyelijua neno hilo, libadilisheni siku hiyo hiyo.

Hata hivyo ulinzi huu una mpaka wake. Picha za harusi na hesabu za duka ni mali ya mpangaji mwenyewe, hivyo programu ovu haihitaji ruhusa ya msimamizi ili kuziharibu. Mwezi Mei 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino, kikijifanya barua ya mapenzi, kiliharibu picha za watu katika nchi nyingi. Siku hizi wapo wahalifu wanaoyafunga mafaili kwa kufuli la siri, kisha wakadai fedha. Kwa hiyo nakala iwekwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe mara tu baada ya kunakili. Ikiachwa imechomekwa, nayo yaweza kufungwa pamoja na mengine.